Jiwe Likishatoka Mkononi, Nani Anakufagilia?



Vijana wenzangu wapendwa, tafakari yetu ya leo inatoka Injili ya Marko 2:1-12, habari ya yule mtu aliyepooza, aliyeshushwa mbele ya Yesu kupitia tundu la paa. Lakini kabla hatujafika Kafarnaumu tutapitia Uskoti, tena kwenye barafu. Usiondoke. Tutafika tu.

Kuna mchezo unaitwa kelingi. Kama umewahi kuangalia Olimpiki ya majira ya baridi huenda uliuona ukacheka: mtu mmoja anatelezesha jiwe kubwa kwenye barafu, halafu wenzake wawili wanakimbia mbele ya hilo jiwe wakifagia kwa nguvu zote, kama watu walioambiwa mgeni yuko mlangoni na sebule bado chafu.

Ngoja nikueleze, maana ule si utani. Jiwe lenyewe ni la granaiti, uzito wake karibu kilo 20, na granaiti inayosifika zaidi hutoka Ailsa Craig, kisiwa kidogo cha pwani ya Uskoti. Timu ina watu wanne uwanjani. Anayerusha analishika jiwe kwa mpini, anateleza nalo, na kabla ya kufika mstari uliowekwa lazima aliachie. Kutoka mstari huo mpaka katikati ya shabaha upande wa pili ni kama mita 28. Shabaha ni duara kubwa lililochorwa kwenye barafu, na wachezaji wenyewe wanaliita "nyumba". Mwisho wa raundi, timu yenye jiwe lililo karibu zaidi na katikati ya nyumba ndiyo inayopata pointi.

Na wale wa mafagio? Kufagia kunaipasha barafu joto kidogo na kupunguza msuguano. Jiwe linalofagiwa vizuri linaweza kwenda mita kadhaa zaidi ya pale ambapo lingesimama lenyewe, tena likanyooka badala ya kupinda mapema. Lakini wafagiaji hawaruhusiwi kuligusa. Fagio likiligusa jiwe ni kosa, na kwa desturi ya mchezo huu aliyegusa anasema mwenyewe, hata kama hakuna mwingine aliyeona.

Kwa hiyo shika mambo mawili, tutayahitaji baadaye. Kwanza, jiwe likishatoka mkononi halirudi. Pili, likishatoka mkononi, kazi haijaisha.

Binti wa Blair Atholl

Sasa nikuletee mchezaji mmoja, Eve Muirhead. Simleti kama mtakatifu wa kuombewa maombezi. Namleta kama vile Mtume Paulo alivyowaletea Wakorintho mfano wa wakimbiaji wa uwanjani, kwa sababu mchezo wakati mwingine unaonyesha waziwazi mambo ambayo moyoni yamejificha.

Eve alizaliwa mwaka 1990 na akakulia Blair Atholl, huko Uskoti, katika familia ya wafugaji wa kondoo. Baba yake, Gordon Muirhead, alicheza kelingi kwa kiwango cha dunia. Ndugu zake wawili, Glen na Thomas, nao walifika Olimpiki. Yaani mtoto alizaliwa ndani ya barafu.

Akiwa bado kijana mdogo alichukua ubingwa wa dunia wa vijana mara nne: 2007, 2008, 2009 na 2011. Mwaka 2010, akiwa na miaka 19 tu, akapelekwa Olimpiki ya Vancouver kama nahodha wa timu ya wanawake ya Uingereza. Fikiria umri huo. Wengi wetu tukiwa na miaka 19 tulikuwa tunahangaika na fomu za chuo. Hakupata medali, timu yake ilimaliza ya 7. Mwaka 2013, huko Riga, akawa bingwa wa dunia akiwa nahodha wa Uskoti na umri wa miaka 22. Mwaka 2014, Olimpiki ya Sochi, akarudi na shaba.

Halafu ikaja PyeongChang, Korea Kusini, mwaka 2018. Mechi ya kutafuta shaba dhidi ya Japani. Raundi ya 10, ndiyo ya mwisho, Japani inaongoza 4 kwa 3, na jiwe la mwisho kabisa liko mkononi mwa Eve. Akajaribu pigo gumu la kupata pointi mbili na kumaliza mechi. Halikwenda alivyotaka. Pointi ikaenda kwa Japani na mechi ikaisha 5 kwa 3. Medali ikapotea kwa jiwe lake yeye, si la mtu mwingine, na dunia nzima inaangalia.

Mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji wa nyonga. Mwaka 2021, kwenye mashindano ya dunia kule Calgary, ambako timu sita za kwanza zilikuwa zinapata nafasi ya Olimpiki moja kwa moja, timu yake ikamaliza ya 8. Wengi wangesema huyo amekwisha.

Ikaundwa upya. Safari hii liliitwa kundi la wachezaji tisa, wakashindania nafasi. Waliokwenda ni Eve, Vicky Wright, Jennifer Dodds, Hailey Duff na Mili Smith. Novemba 2021 wakachukua ubingwa wa Ulaya kule Lillehammer. Desemba wakapata tiketi ya Olimpiki katika mashindano ya mchujo kule Leeuwarden, Uholanzi. Beijing, Februari 2022, wakaingia nusu fainali kwa kupenya tundu la sindano: wameshinda mechi 5, wamepoteza 4. Nusu fainali dhidi ya Sweden, raundi ya kwanza tu wakafungwa 4. Wakarudi, wakashinda 12 kwa 11 katika raundi ya nyongeza. Na tarehe 20 Februari 2022, fainali, mpinzani ni Japani ileile ya PyeongChang. Wakashinda 10 kwa 3. Dhahabu.

Hapa ndipo tunapokosea kuhubiri

Najua unachosubiri. Unasubiri niseme: "Umeona? Usikate tamaa, vumilia, Mungu atakupa dhahabu yako!" Tunazipenda sana hizo. Zinapendeza kwenye status.

Lakini jamani, tuwe wakweli mbele ya Mungu. Upande wa pili wa barafu alikuwepo Satsuki Fujisawa, nahodha wa Japani. Naye alivumilia miaka minne. Naye alifanya mazoezi. Kanada walikuwa na rekodi ileile ya Uingereza, kushinda 5 na kupoteza 4, wakabaki nje ya nusu fainali. Timu zilikuwa 10 na dhahabu ni moja. Kama ujumbe wetu ni "vumilia utashinda", basi ni habari njema kwa timu moja na habari mbaya kwa tisa. Hiyo haiwezi kuwa Injili ya Yesu Kristo.

Ndiyo maana Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, alipotaja wanariadha wanaojinyima kila kitu, aliharakisha kuongeza kwamba taji wanalokimbilia linanyauka. Korintho ilikuwa jirani na michezo maarufu ya Isthmia, kwa hiyo wasomaji wake walielewa vizuri: mataji yale yalikuwa ya majani. Hakuwadharau wakimbiaji. Aliwasifu kwa nidhamu yao, kisha akauliza kwa namna yake: na wewe unakimbilia nini?

Kumbuka pia kwamba dhahabu ya Beijing haikufuta PyeongChang. Ukifungua rekodi leo, mechi ile bado ni 5 kwa 3. Jiwe lile bado limekosa. Ushindi wa baadaye haurudishi jiwe mkononi.

Na hapo ndipo palipo na donda la vijana wengi ninaokutana nao. Wako waliofeli kidato cha nne na mpaka leo hawajamwambia mzazi ukweli wote. Wako waliocheza ada ya chuo kwenye kubeti. Yuko binti aliyefanya uamuzi usiku mmoja na anaubeba kila siku peke yake. Yuko kijana aliyeondoka seminarini, na kila Jumapili anakaa benchi la nyuma kabisa ili asiulizwe. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "songa mbele, kesho yako ni njema", anakujibu kimoyomoyo: lakini lile jiwe limeshatoka.

Mzee Aristoteli na jiwe lake

Kwenye falsafa tulisoma kitu ambacho hakijanitoka kichwani. Aristoteli, katika Kitabu cha Tatu cha Maadili kwa Nikomako, anatumia mfano wa jiwe. Anasema ukishalirusha huwezi kulirudisha, lakini kulirusha au kutolirusha kulikuwa mikononi mwako. Ndivyo ilivyo kwa tabia zetu: tuliyoyatenda yanatujenga au yanatubomoa, na hatuwezi kujifanya hatukuhusika.

Naomba usimdharau mzee. Amesema ukweli ambao wengi wetu tunaukimbia. Tunapenda kusema "ni shetani", "ni marafiki", "ni maisha". Kanisa linakubaliana naye hapa: bila wajibu hakuna dhambi, na bila dhambi inayotambuliwa hakuna kitubio. Yule mfagiaji anayesema "nimeligusa" bila kuulizwa anatufundisha namna ya kuingia kwenye kiti cha kitubio. Hajitetei. Hajiui pia. Anataja alichofanya, basi.

Lakini Aristoteli aliona mkono na jiwe tu. Hakuyaona mafagio.

Sisi tumeyaona. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyemheshimu sana Aristoteli, anatufundisha kwamba neema haiji kuvunja ubinadamu wetu na kuweka kitu kingine mahali pake. Inauponya na kuufikisha mahali ambapo peke yake usingefika. Mungu hasemi "hukurusha". Ulirusha. Wala hasemi "umeshakwisha". Jiwe bado linatembea. Maadamu unapumua, hujasimama.

Wanne waliopanda juu ya paa

Sasa twende Kafarnaumu, kama nilivyoahidi. Marko anatuambia nyumba imejaa mpaka mlangoni. Yuko mtu aliyepooza. Kama jiwe lililoishiwa mwendo, hawezi kufika kwa nguvu zake. Wanakuja watu wanne wamembeba. Mlango umezibwa na watu. Wangeweza kusema, "Kaka, tumejitahidi, siku nyingine." Wanapanda juu, wanatoboa paa, wanamshusha.

Halafu Marko anaandika jambo ambalo tunalipita haraka. Yesu anaiona imani *yao*, wale waliombeba, ndipo anamwambia aliyepooza kwamba dhambi zake zimesamehewa. Hatuambiwi kwamba mgonjwa aliongea hata neno moja. Wenzake walimfikisha nyumbani kwa Yesu wakati yeye hawezi kutembea. Msamaha ukatoka kwa Bwana mwenyewe, si kwa wale wanne. Wale hawakumponya. Walifagia njia mpaka alipo Mponyaji.

Hilo ndilo Kanisa, mpendwa. Ukiwa hoi, huwezi hata kusali, kuna bibi huko kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo anakutaja katika Rozari yake. Kuna watakatifu wanaokuombea. Kuna Misa inayotolewa duniani saa hii na wewe umo ndani ya sala hiyo. Unadhani umefika hapa ulipo kwa mkono wako tu?

Rudi kidogo kwenye ile timu ya Beijing. Vicky Wright ni muuguzi kwa kazi. Wakati wa Korona alirudi wodini kuhudumia wagonjwa. Huyo ndiye aliyekuwa msaidizi wa nahodha. Na kwenye kelingi nahodha anasimama upande wa shabaha, ameshika fagio lake kama alama, ili anayerusha amtazame yeye. Lakini zamu ya nahodha kurusha ikifika, lazima mwingine asimame kule amshikie alama. Kwa hiyo Eve, bingwa wa dunia, akichuchumaa na jiwe lake, anamtazama nesi Vicky upande wa pili, na mbele ya jiwe lake wanakimbia Jennifer na Hailey na mafagio. Hakuna anayejirushia, akajishikia alama na kujifagilia mwenyewe. Hata aliye bora kuliko wote hawezi.

Kukufagilia na kukufagilia

Lugha yetu ya mtaani inatusaidia hapa. Tunasema "fulani anamfagilia fulani", yaani anamsifia, anamkubali kupita kiasi. Kila mmoja wetu ana watu wa kumfagilia kwa maana hiyo. Unapost picha, mioyo na moto vinamiminika. Siku jiwe linakosa, kabla hata halijasimama, watu walewale wamekutengenezea stika na inazunguka kwenye magrupu.

Wanaofagia kweli wanatoka jasho. Tena wanamsikiliza nahodha. Akipiga kelele wafagie, wanafagia. Akisema acha, wanaacha hapohapo, kwa sababu jiwe likisukumwa kupita kiasi linatokea nyuma ya shabaha. Ukimpenda rafiki kweli, kuna wakati unambana, na kuna wakati unakaa kimya umwachie nafasi. Utajuaje? Usikilize sauti ya aliyeko kwenye shabaha. Kwetu sisi ni Kristo, ambaye Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, unatuambia tumkazie macho.

Kanuni moja ya kelingi ilinishtua nilipoisoma. Jiwe lako likishavuka mstari wa katikati ya nyumba, mpinzani anaruhusiwa kulifagia. Kwa nini afagie jiwe la adui? Ili lipitilize! Analisaidia kwenda, lakini kwenda mbali na lengo. Mwenzangu, si kila anayerahisisha njia yako anakutakia mema. Yuko anayekukopesha hela ya kubeti. Yuko anayekupa chumba na mpenzi wako ukiombe wakati wowote. Yuko anayekwambia "Kitubio cha nini, Mungu anaujua moyo wako." Wote hao wanafagia, na jiwe linateleza raha mustarehe mpaka nje ya nyumba.

Tufanye nini wiki hii?

Mambo matatu tu.

Kwanza, lile jiwe linalokusumbua, liite jina lake mbele ya Mungu. Nenda kwa padri, ungama. Usisubiri upate neno zuri la kujieleza. Halitarudi mkononi, lakini utaacha kulibeba moyoni. Na kama donda lako linakufikisha mahali pa kuwaza kwamba afadhali usiwepo duniani, usimalize leo bila kumwambia mtu mzima unayemwamini: mzazi, padri, sista, mwalimu, daktari. Wale wanne wasingembeba yule ndugu kama asingekubali kubebwa.

Pili, chagua mtu mmoja wa kumfagilia kwa maana ya barafu, si ya mtaani. Labda ni yule wa benchi la nyuma. Usimuulize kwa nini aliondoka seminarini. Kaa naye tu benchi lile. Mpigie anayesubiri matokeo. Msindikize anayeogopa kwenda kuungama, umsubiri nje. Kumbuka mfagiaji haligusi jiwe: usimwamulie maisha yake, msafishie njia.

Tatu, jiulize kwa ukweli ni nani wanafagia mbele yako, na wanakupeleka wapi.

Eve Muirhead aliachana na mashindano Agosti 2022. Baadaye akapewa jukumu la kuongoza msafara wa Uingereza kwenye Olimpiki ya Milano Cortina 2026. Hilo si jukumu la kurusha jiwe. Ni la kuhakikisha wengine wanafika wakiwa tayari kurusha ya kwao. Nadhani mtu aliyewahi kukosa jiwe la mwisho mbele ya dunia nzima anaijua thamani ya kazi hiyo kuliko bingwa ambaye hajawahi kukosa.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, Wewe uliyesimama upande wa pili ukitungoja, unayajua mawe yote yaliyotoka mikononi mwetu vibaya. Hatuyakani. Tusamehe. Wabariki wote waliotubeba bila sisi kujua, na wale waliochoka kutubeba. Tupe mikono ya kuwafagilia wenzetu njia ya kuja kwako, na utufikishe sote nyumbani. Mama Maria, utuombee. Amina.

Frateri wenu, tuombeane.